Cimpunda: Bwana na bibi wakienda kutembea Bulaya, kuna ubaya gani?

Cimpunda, Bukavu. – Katika mtaa wa Cimpunda, tarafa ya Kadutu, mtu akisema anapanda ndege, watu hutafuta sababu wanazozizoea. Anaenda kutibiwa. Anaenda masomoni. Anaenda kuchukua bidhaa Dubai au Guangzhou. Au ameitwa kwenye mkutano. Lakini bwana akisema kwamba yeye na bibi yake wanaenda Bulaya kutembea tu, waone Brussels na Paris, wapumzike siku kumi kisha warudi nyumbani, maneno huanza. Huyu anasema wamepata pesa za wizi. Yule anasema hao hawatarudi tena. Na mwingine anauliza kwa uchungu: wakati familia za wahami wa vita zinalala kwa wenyeji, watoto wamebanana sakafuni, nani ana moyo wa kwenda kutazama mnara wa chuma?

Maneno ya wizi na ya kutorudi ni maneno ya kijiweni. Swali la mwisho ndilo linalostahili jibu, kwa sababu anayeliuliza mara nyingi ni mtu aliyeacha shamba lake Kalehe au Mwenga na kuja Bukavu na mtoto mgongoni.

Jibu ni kwamba kutembea hakumnyang'anyi mhami kitu. Tatizo la mji huu ni kwamba kwenda na kurudi, jambo ambalo mahali pengine ni la kila mtu, hapa limekuwa gumu kwa wote. Mhami wa vita alitoka kwake bila kuchagua na hajui atarudi lini. Anayeomba viza amechagua kutoka, lakini haaminiwi kwamba atarudi. Wa kwanza amefungiwa njia ya kurudi, wa pili njia ya kwenda. Wakigombana wao kwa wao, wanaofunga njia hizo wanabaki salama.

Njia ndefu kabla ya safari

Wengi wanaosema kwamba kwenda Brussels ni kazi ya kununua tiketi hawajaona karatasi zinazotakiwa. Ubelgiji na Ufaransa ni kati ya nchi 29 za eneo la Schengen. Viza moja ya muda mfupi inamruhusu mgeni kuingia nchi hizo zote, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Hilo ni jema kwa bwana na bibi wanaotaka kuona miji mikuu miwili: hawahitaji viza mbili.

Ila viza hiyo haiombwi Bukavu. Mwombaji anapaswa kufika Kinshasa yeye mwenyewe na kutoa alama za vidole. Kati ya Bukavu na Kinshasa kuna kama kilomita 1500 kwa ndege, na hakuna barabara ya kuaminika inayounganisha miji hiyo. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa Februari 2025 kwa sababu ya vita. Kwa hiyo mkazi wa Cimpunda anayetaka kufika mji mkuu wa nchi yake anavuka kwanza mpaka wa nchi jirani, anazunguka kwa ndege zaidi ya moja, ndipo anaingia Kinshasa. Hajafika bado Bulaya. Anaenda tu kuuliza kama ataruhusiwa.

Huko anatakiwa kuonyesha pasporti, tiketi ya kwenda na kurudi iliyowekwa, mahali atakapolala, barua ya kazi, na bima ya safari inayolipa walau euro 30,000 kama akiugua. Tangu Juni 2024 ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90. Kwa bwana na bibi ni euro 180, na hazirudishwi viza ikikataliwa. Anatakiwa pia kuonyesha hesabu yake ya benki. Lakini mabenki ya Bukavu yalifunga milango Februari hiyohiyo ya 2025. Mfanyabiashara wa soko la Kadutu ambaye akiba yake iko kwenye likelemba na kwenye simu, ataonyesha karatasi gani?

Kuna jambo lingine linalowahusu wenye ndoa. Ndoa nyingi za hapa zilifungwa mbele ya wazazi na ng'ombe, kisha kanisani, na karatasi ya serikali ikaachwa kwa kesho. Kesho hiyo ndiyo inayodaiwa dirishani Kinshasa. Tena kila mtu anapimwa kwa faili yake. Inawezekana bwana akubaliwe na bibi akataliwe, au bibi akubaliwe na bwana akataliwe. Sababu moja iliyochapwa kwenye fomu ya kukataa ni kwamba kuna mashaka kama mwombaji atatoka katika eneo la Schengen kabla viza yake haijaisha. Kwa maneno ya Cimpunda: hatuamini kwamba utarudi kwenu.

Sheria hiyohiyo inampa aliyekataliwa haki ya kukata rufaa, na maelezo ya jinsi ya kufanya hivyo yako kwenye fomu ileile. Wengi hawafiki hapo. Wanaona aibu, wanaficha karatasi, wanawaambia majirani kwamba wameahirisha safari.

Brussels: kuna mambo ya kuona, na kuna mambo ya kutambua

Kwa wale wanaofaulu, swali linalofuata ni hili: wanaenda kuona nini?

Vitabu vya watalii vinawaelekeza kwanza kwenye uwanja wa Grand-Place, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1998. Kisha vinawapeleka kwa Manneken-Pis, kisanamu cha mtoto anayekojoa, na hapo wageni wengi hushangaa, kwa sababu hakifiki hata nusu ya kimo cha mtu mzima. Kisha Atomium, mipira tisa mikubwa ya chuma kwenye urefu wa mita 102, iliyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1958. Hayo yote ni mazuri, na bwana na bibi wanaopiga picha hapo hawajakosea.

Lakini mtu wa Kivu ana sababu ya kutazama kwa macho mawili. Katika maonyesho yaleyale ya 1958, Wakongo waliwekwa katika kijiji cha kuigiza, wakifanya kazi zao za mikono mbele ya umati. Walitupiwa ndizi na watazamaji kama wanyama. Wakakasirika na kurudi nyumbani kabla maonyesho hayajaisha. Miaka miwili baadaye Kongo ilipata uhuru.

Katika mji huohuo kuna tao kubwa la Cinquantenaire, lililokamilika mwaka 1905. Mfalme Leopold wa Pili aliligharimia kwa njia ya kificho, miaka ambayo Kongo ilikuwa mali yake binafsi na watu wake wakilazimishwa kuleta mpira wa msituni. Anayepita chini ya tao hilo na kulisifu tu bila kujua hilo ametazama nusu ya jengo.

Tramu namba 44 inakatiza msitu na kufika Tervuren, nje kidogo ya mji. Huko liko jumba la makumbusho ya Afrika, lililofunguliwa mwaka 1910 na kufunguliwa upya Desemba 2018 baada ya miaka mitano ya matengenezo. Linahifadhi vitu zaidi ya 100,000 vya utamaduni, vingi vikiwa vya Kongo. Humo mna vinyago na sanamu za Bwami za Walega, yaani watu wa Mwenga, Shabunda na Pangi. Mama aliyekimbia Mwenga na kupanga chumba Cimpunda angeweza kumweleza mtalii yeyote kazi ya sanamu hizo kuliko kibao kilichobandikwa kwenye kioo. Yeye hatapata viza ya kwenda kuziona. Hapo ndipo hasira ya msikilizaji inapaswa kuelekezwa, na siyo kwa jirani aliyebahatika kufika.

Kando ya kanisa la Tervuren kuna makaburi saba. Mwaka 1897 Leopold alileta Wakongo 267 ili waonyeshwe kwa wageni. Saba kati yao walifia huko, na miili yao haikurudishwa Kongo. Bwana na bibi kutoka Bukavu wakifika hapo, wasimame kidogo. Hao saba walisafiri bila kuchagua na hawakurudi. Familia za wahami zinaijua safari ya namna hiyo.

Kisha warudi mjini, wapite Porte de Namur, waingie Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Pembeni yake kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Ulidaiwa kwa miaka mingi na Wakongo wanaoishi huko pamoja na Wabelgiji waliowaunga mkono. Juni 2022 Ubelgiji ikarudisha jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, likazikwa Kinshasa. Kutoka uwanja huo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi sanamu ya Leopold juu ya farasi. Mtu anaweza kuviona vyote viwili kabla ya chakula cha mchana, na huenda ziara hiyo fupi ikamfundisha historia kuliko mwaka mzima darasani.

Paris kwa saa moja na nusu

Kutoka stesheni ya Bruxelles-Midi, treni ya mwendo kasi inafika Paris kwa karibu saa moja na nusu. Ni kama kilomita 300, kutoka mji mkuu mmoja hadi mwingine. Kwa kawaida abiria anavuka mpaka bila kusimamishwa, na simu yake ndiyo inayomwambia kwamba amebadilisha nchi.

Mkazi wa Bukavu hawezi kukaa ndani ya treni hiyo bila kulinganisha. Kutoka Bukavu hadi Uvira, kupitia mteremko wa Ngomo na Kamanyola, hakufiki hata kilomita 150, tena ni ndani ya jimbo moja. Lakini ni bariera baada ya bariera, na kila bariera ina mkono wake ulionyooshwa. Nchi mbili zilizopigana na Ujerumani mara mbili ndani ya karne moja zimekubaliana pamoja nayo kwamba raia apite. Ubelgiji na Ufaransa hazikuzaliwa na amani hiyo, zilikaa mezani na kuijenga. Bwana na bibi wakirudi Cimpunda na jambo hilo moja tu, tiketi yao imelipa.

Paris kuna mnara wa Eiffel, ambao sasa una mita 330. Ulijengwa kwa maonyesho ya mwaka 1889, na ruhusa yake ilikuwa ya miaka 20 tu, baada ya hapo ungeweza kubomolewa. Wapenzi wa redio watafurahi kujua kilichouokoa: ni mawimbi. Juu yake ziliwekwa antena za mawasiliano yasiyo na waya, jeshi likaona faida yake, na ruhusa ikaongezwa. Mwaka 1921 mnara huo ukaanza kurusha matangazo ya redio kwa raia. Mnara unaopigwa picha kuliko yote duniani umesimama hadi leo kwa sababu ulikubali kubeba sauti za watu.

Kuna pia kanisa kuu la Notre-Dame. Liliungua tarehe 15 Aprili 2019, dunia nzima ikitazama kwenye televisheni. Michango ikatoka nchi nyingi, zaidi ya euro milioni 800, na Desemba 2024 likafunguliwa tena. Bukavu nayo ina kanisa kuu lenye jina la Notre-Dame, Mama Yetu wa Amani. Na Kadutu ina nyumba za mbao zilizobanana mlimani, ambako moto ukishika nyumba moja unakula safu nzima kwa usiku mmoja, na wenyewe hujenga upya kwa mbao za mkopo. Hakuna ubaya kulisifu paa jipya la Paris. Ila anayelitazama akumbuke kwamba kilichohitajika ni watu kuamua kuchangia na wenye mamlaka kuweka tarehe ya kumaliza. Mambo hayo mawili hayana rangi wala bara.

Wapenzi wengi walizoea kufunga kufuli lenye majina yao kwenye daraja la Pont des Arts na kutupa ufunguo mtoni. Mwaka 2015 mji uliyaondoa makufuli hayo, tani nyingi, kwa sababu uzito ulikuwa unaharibu daraja. Mabibi wa Cimpunda watacheka: ndoa iliyovumilia vita mbili, kupanda kwa bei ya unga na wageni kumi ndani ya nyumba haiongezewi nguvu na kufuli.

Kwa nini wawili pamoja?

Hapa kuna jambo ambalo mtaani halizungumzwi. Katika ndoa nyingi za hapa, bwana na bibi hawatembei pamoja isipokuwa kwenye matanga, harusi na misa. Bwana anasafiri kwa biashara, bibi anabaki na watoto. Au bibi anavuka mpaka kila alfajiri na mboga, bwana anabaki bila kazi. Wanajenga nyumba, wanasomesha, wanaozesha, wanazeeka. Siku ya kukaa wawili tu, kuangalia kitu kizuri na kukizungumzia, haifiki.

Kwa hiyo wanaosema kwamba safari hiyo ni kutupa mali ya watoto wanasahau kwamba watoto pia hufaidika na wazazi waliopumzika na wanaozungumza. Si lazima iwe Paris. Wale ambao mfuko wao hauruhusu, nao ni karibu watu wote wa Cimpunda, wanaweza kutelemka Jumapili alasiri hadi ufukwe wa ziwa Kivu na kukaa saa mbili. Haki ya kupumzika pamoja ni ileile.

Wanaokwenda nao wana deni

Kusema kwamba kutembea si dhambi hakumpi msafiri ruhusa ya kujionyesha. Picha za Bulaya zinazojaa kwenye WhatsApp zimewadanganya vijana wengi. Wanaona mnara, hawaoni bei ya chumba. Wanaona koti, hawaoni baridi. Wengine wameuza lupango la baba na kufuata njia za jangwani na baharini ambako watu wanakufa.

Anayerudi aseme yote. Aseme bei ya mkate na ya usafiri. Aseme aliwaona Wakongo wa Matonge na wa Château Rouge, huko Paris, wanaonunua sombe ghali kwa sababu ya hamu ya nyumbani, na wanaoamka usiku kwenda kusafisha ofisi za wengine. Aseme pia mazuri, bila kuyapunguza. Na kabla ya kuondoka, kama ana wahami ndani ya uwanja wake au kwa jirani, aache kitu. Hilo halihitaji sheria, ni desturi ya Kivu tangu zamani.

Tukumbuke pia kwamba watu wa huko walikuja hapa muda mrefu. Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, ilileta watalii wa Bulaya waliotaka kuona sokwe na ziwa. Juni 2022 bwana na bibi mmoja kutoka Brussels, mfalme Philippe na malkia Mathilde, walizunguka Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu kwa ziara ya kiserikali, wakafika hadi hospitali ya Panzi. Wakazi wa Bukavu waliwapokea. Hakuna aliyewashuku kwamba wangegoma kurudi kwao.

Basi madai ni haya. Nchi za Schengen ziwatafutie wakazi wa mashariki mahali pa kutoa alama za vidole karibu na kwao, na zikubali ushahidi wa akiba unaolingana na mji ambao mabenki yake yamefungwa. Wakuu wa Kongo, na wote wanaoshika silaha, waifungulie Bukavu anga na barabara zake, na waondoe bariera za kunyonya raia. Wenye ndoa waandikishe ndoa zao kwa serikali, hata kama hawatapanda ndege kamwe, kwa maana karatasi hiyo inamlinda mjane na watoto.

Na safari ya kwanza kuombwa isiwe ya Brussels wala Paris. Kuna bwana na bibi waliotoka Kalehe ambao sasa wanalala sebuleni kwa ndugu yao, Cimpunda. Wao wangetosheka na mwendo wa siku moja: kufika kijijini, kuona kama nyumba bado imesimama na mihogo imebaki shambani, kulala huko usiku mmoja bila kusikia risasi, na kesho yake waamue wenyewe kama wanakaa au wanarudi Bukavu.